Ziada ya Wifi Gaudiosa

Mimi hasira zangu haziishi, na msiniambie nitulie. Wifi yangu Gaudiosa, mjane wa kaka yangu, amelima mahindi na ulezi Mpui tangu usichana wake, akajibana mpaka akajenga nyumba Sumbawanga mjini. Mwaka juzi akaiweka rehani kwenye kampuni moja ya mikopo, aongeze vyumba vya kupangisha. Marejesho yakawa kila mwezi. Kila mwezi! Mkulima gani wa Ufipa anashika hela kila mwezi?

Sisi hela tunaiona tukishauza mahindi. Basi Agosti akauza yote, tukaenda naye mpaka dirishani. Akamwaga noti pale. "Baba, hii ni ya mwezi huu na miezi yote ya mvua, mpaka nivune tena."

Kijana wa dirishani, Stanley, akagonga muhuri. "Sawa, mama." Wifi akatoka pale anatembea kwa maringo, na jioni tukachinja jogoo.

Mvua zikaanza, na meseji zikaanza: unadaiwa, unadaiwa na faini. Wifi akacheka. "Mashine yao imelewa. Mimi nimelipa."

Februari hofu ikamwingia. Akauza ulezi aliouweka wa mbegu, akapeleka nusu rejesho. Wakapokea, halafu wakamwambia nusu haihesabiki. Jamani! Kupokea wanapokea, kuhesabu hawahesabu! Tukaulizia ile ya Agosti, Stanley akasema tusubiri majibu ya makao makuu. Aliyekuja ni dalali na kipaza sauti chake. Nyumba ikauzwa asubuhi, wifi amesimama uani anauma khanga.

Siku ya kukabidhi funguo, Stanley akatuita ofisini.

"Shikamoo, mama."

Stanley akamsogezea bunda la noti. "Deni limeisha baada ya mauzo. Hii ni ziada yako, ile iliyozidi Agosti na ile nusu. Tuliiweka pembeni, maana hukuandika barua kwamba ikatwe miezi ya mbele."

"Pembeni wapi?"

"Hapa hapa kwetu, mama."

"Kwa hiyo mlikuwa nayo, mkauza nyumba yangu?"

Stanley akafungua kitabu cha kupokelea hela. Mimi nilimtukana mpaka mlinzi akanitoa nje. Wifi akatia dole gumba, akachukua hela yake. Ndiyo hiyo iliyokodi Fuso la kubeba vitanda vyake kurudi Mpui.