Radoni Chini ya Fremu ya Mama

Mpaka leo nikipita ule mtaa wa Kariakoo natema mate. Wallahi natema, na mimi ni mwalimu wa fizikia, mtu mzima ninayefundisha watoto wa watu adabu.

Mama yangu aliuza kanga pale tangu sijazaliwa. Fremu yake ya duka ilikuwa ndogo, na chini yake kulikuwa na stoo waliyoitumia wapangaji wote wa ghorofa lile: ngazi ya saruji, taa moja, joto la kukata roho. Siku moja alasiri ardhi ikatikisika. Kidogo tu. Vioo viligongana, watu wakamwagika barabarani wakimtaja Mungu, kisha wakarudi kuuza.

Lakini simu zetu hizi! Kabla ya magharibi ujumbe ulikuwa umeshazunguka mtaa mzima: kuna gesi inaitwa radoni, haina rangi wala harufu, ikianza kutoka ardhini ujue tetemeko kubwa linakuja. Basi wapangaji wakaleta matambara ya mitumba kutoka soko la Mchikichini, wakaziba kila ufa wa sakafu ya stoo, wakaziba na matundu ya hewa, wakafunga mlango, wakafukiza ubani. Mama ndiye aliyetoa ubani.

Mwenye nyumba naye akaja na jamaa mmoja wa shati la kunyooka na mashine ya kupimia gesi hiyo. Wakaishusha kule chini, wakaiacha siku kadhaa, wakaitoa mbele ya watu. Namba zilikuwa zimepanda.

"Mnaona wenyewe," mwenye nyumba akasema, nusura alie, mnafiki yule. "Sitaki damu ya mtu shingoni mwangu. Niachieni funguo, hatari ikipita nitawaita."

Mama alinipigia simu akanieleza yote. Nilifika moja kwa moja kutoka shuleni, chaki bado mikononi.

Jamani, radoni ipo, sikatai. Inatoka kwenye udongo na mawe kila siku ya Mungu. Ukiifungia kwenye shimo lisilo na hewa inajazana, kama moshi kwenye jiko lisilo na dirisha. Na kweli wataalamu wamehangaika nayo miaka na miaka, maana kuna mahali ilipanda kabla ya tetemeko. Lakini imepanda pia pasipotokea kitu, na matetemeko yametokea radoni ikiwa imetulia tuli. Hakuna aliyeweza kuitazama akasema kesho ardhi itatikisika. Nikayasema yote hayo pale, kwa sauti ya darasani. Kisha nikashuka, nikang'oa matambara, nikafungua mlango, nikawasha feni, nikamlazimisha yule jamaa arudishe mashine yake. Kesho yake namba zilikuwa zimeporomoka.

"Haya, tetemeko limeenda wapi?" nikamuuliza yule jamaa wa mashine.

"Linajificha, mwalimu. Likinyamaza ndiyo baya zaidi."

Nusura nimtie kibao. Zikipanda linakuja, zikishuka linakuja! Nikamgeukia mama. "Mama, wanakupiga changa la macho. Usitoe funguo."

"Mwanangu, wewe unajua ya vitabuni," akasema. "Mimi nina mabinti wa watu wananiuzia humu. Jengo likiwaangukia nitawaambia nini mama zao?"

Akampa mwenye nyumba funguo, akamshukuru. Akamshukuru! Hilo ndilo linaloniunguza.

Tukakaa nyumbani Magomeni, na kila nikirudi kutoka kazini mama ananiuliza, "Limepita?" Mwishowe nikaenda kuangalia. Fremu imepakwa rangi mpya, zinauzwa simu, na aliyekaa ndani ni mkwe wa mwenye nyumba, anakunywa soda.

Nikamuuliza kama haogopi tetemeko.

"Tetemeko gani tena, dada?"

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, ila hawakusema atakuletea na mashine. Nilimtukana yeye, nikamtukana na baba mkwe wake, mpaka watu wakanishika mikono.

Mama nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza bila kuzunguka. Akaacha mkono ndani ya ungo.

"Si angeniambia tu kwamba anaitaka," akasema. "Na mimi kila nikisali namwombea dua, nikijua ametuokoa."