Kuni za Kulipasha Tangi Joto

Tangi nililijenga nyuma ya vyoo vya shule, karibu na Kasikeu, miaka ya themanini, nilipokuwa mwalimu wa sayansi mwenye kichwa kilichovimba. Uchafu wa vyoo uliingia humo, ukafungiwa bila hewa, ukaoza na kutoa gesi, na bomba likaileta hadi jikoni kwangu. Miezi ya joto gesi ile iliivisha hata muthokoi, na mahindi yale yaliyokobolewa hayana huruma kwa moto. Nikatangaza kwamba wanawake wa nyumba yangu hawatabeba kuni tena.

Ikaja Julai na ukungu wake. Uchafu ukapoa, gesi ikafifia, chai ikakataa kuchemka. Kamati ya wazazi ikasema itakuja Jumamosi ijionee moto wenyewe. Usipowaka, shimo lifukiwe. Nilitandaza nyasi kavu juu ya tangi nikasubiri, nimemkasirikia kila mtu, hata mbingu.

Mama alikuwa kwetu, ametoka Zombe kumsaidia mke wangu aliyejifungua. Siku alipojua moto wetu unatoka wapi, alisukuma sahani polepole akasema ameshiba. Kesho yake akapanga mawe matatu nyuma ya nyumba, akawa anachoma viazi vitamu vyake na kula huko peke yake. Iliniuma. Mzazi kula nje kwa mwanawe kama mpita njia! Lakini sikuacha kupikia gesi, wala sikumnunulia makaa. Nilimwambia mke wangu kwamba uzee una mambo yake.

Katikati ya juma gesi ikaanza kupanda. Nilizisifu nyasi zangu mpaka walimu wenzangu wakanichoka. Asubuhi moja nikachukua kipimajoto nikapime uchafu umefika wapi, nikamkuta Mama kwenye mdomo wa tangi, leso ameifunga puani, anamimina maji ya moto kutoka sufuria kubwa. Yale mawe yake matatu yalikuwa yakiwaka, na mzigo wa kuni umelala kando. Maji aliyachota mtoni, kwenye shimo lililochimbwa mchangani mto ulipokauka, akayapandisha kilima mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso.

"Mama, unafanya nini?"

"Si wewe ulisema hii kitu inasikia baridi?"

"Lakini chakula yake hata hukuli."

"Mimi sikuli. Lakini hao watu wakikuja Jumamosi, ni wewe watacheka, si mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikampokea sufuria, nikamkataza asirudie. Hakunisikiliza.

Jumamosi moto ulisimama, wa buluu, na kamati ikapiga makofi. Nilijawa na furaha na aibu kwa pamoja, nikataka nimlipe Mama kwa namna fulani. Basi nikainjika uji kwenye moto huohuo, nikampelekea kikombe mbele ya wote, nikamshukuru kwa sauti. Sikufikiri. Watu wote waligeuka kumtazama. Alikipokea kwa mikono miwili, akaomba sala ndefu kuliko ya pasta, akafumba macho akanywa mpaka chini. Kisha akaniangalia, kama anayeuliza ikiwa sasa inatosha.

Mpaka leo natamani angeumwaga.