Chumvi ya Philomène

Asubuhi ya kwanza pale hotelini, Mama Ramla alitoka na bidoni yake, dumu la manjano la plastiki, akateremka ngazi za saruji hadi mchangani, akakuta bahari haipo.

Haipo kabisa! Pale ambapo jana yake mawimbi yalipiga kelele kama watu wa sokoni, sasa palikuwa na mchanga mtupu, vidimbwi, na kaa wadogo wanaokimbia kiubavu-ubavu. Maji yenyewe yalionekana kule mbali, mstari mwembamba tu.

Akageuka, akaita kwa sauti ya mtu anayeita pirogi, mtumbwi wa kuvusha watu, kutoka ng'ambo ya mto Lualaba:

"Rachida! Rachida weee! Kuya uone! Bahari imekwenda!"

Rachida, binti yake, akatokeza kichwa dirishani, macho bado na usingizi.

"Mama, itarudi."

"Itarudi kutoka wapi? Yana ilikuwa hapa hapa! Nani amebeba ile maji yote?"

Bi Kazija, mpishi wa hoteli, alikuwa anapita na karai la samaki. Alicheka mpaka karai likayumba. "Imekupwa tu, dada yangu. Adhuhuri itajaa tena. Kwenu hakuna bahari?"

"Kwetu iko muto," Mama Ramla akajibu, kidevu juu. "Inapita kila siku, lakini haiishake."

Mama Ramla anauza vitenge mtaani Kasuku, katika mji wetu wa Kindu kando ya Lualaba, na tangu nimjue sijamwona amekaa mikono mitupu. Rachida anafanya kazi Dar es Salaam, anawapokelea wafanyabiashara wa kwetu mizigo yao bandarini. Mwaka huu alimwuliza mama yake kwa simu kama amewahi kupumzika hata mara moja. Mama akafikiri, akasema, "Ndiyo. Wakati nilikuwa mugonjwa." Basi Rachida akaamua: vakansi, likizo ya siku mbili! Akamvusha maji mpaka Zanzibar, katika hoteli ya bei rahisi kuliko zote zinazotazama bahari. Paa lilikuwa la makuti, feni ililia kama baiskeli isiyo na mafuta, neti ilishonwa kwa nyuzi za rangi tatu, na maji ya bafuni yalikuwa na chumvi. Mama Ramla aliyaonja, akatoka na taulo kichwani akitangaza, "Watu wa hapa wanaoga supu!"

Majirani wote Kasuku walijua anakwenda vakansi. Lakini ile bidoni ilikuwa na kazi yake, na hakumwambia mtu, hata Rachida.

Wakati wa vita, Kindu ilizungukwa. Treni ililala, njia zilifungwa, chumvi ikaadimika kuliko dhahabu ya machimbo ya Kama. Aliyekuwa nayo aliipima kwa kizibo cha chupa. Wengine wote walichoma majani ya mtoni, wakamwagia majivu maji kwenye beseni lililotobolewa, kisha wakachemsha yale yanayochuruzika mpaka ibaki chumvi ya kijivu. Mama Ramla na jirani yake Philomène walifanya kazi hiyo pamoja nyuma ya nyumba, mmoja anachochea moto, mwingine anakoroga.

Rachida alizaliwa msimu ule ule. Mzazi lazima anywe supu ya moto yenye chumvi, arudishe nguvu, maziwa yatoke. Lakini mvua ilikuwa imelowesha majani, majivu hakuna. Philomène akaja, akafungua pindo la kitenge chake, akamwaga chungani chumvi yote ya watoto wake. Ramla akalia.

"Acha kulia," Philomène akamwambia, "utaongeza chumvi mingi ku supu. Utanilipa siku utafika ku bahari."

Wakacheka wote wawili. Siku zile, kusema utafika baharini ilikuwa kama kusema utafika mwezini.

Leo Kindu chumvi imejaa madukani, na bila shaka Philomène alishasahau. Ramla hakusahau. Hakutaka ya dukani. Alitaka kuitoa baharini kwa mikono yake mwenyewe. Na kesho yake asubuhi walikuwa wanaondoka.

Adhuhuri bahari ikarudi, kama alivyosema Bi Kazija. Mama Ramla akakunja kitenge, akaingia mpaka magotini. Wimbi likampiga kiunoni. Akapiga yowe, akacheka, akakaa chini majini na nguo zake zote. Akachota kwa kiganja, akanywa.

"Kweli!" akapaza sauti. "Kweli kabisa!" Wageni waliolala juani wakampigia makofi bila kujua sababu.

Akajaza bidoni, akaiburuta mpaka chumbani. Kuomba jiko la watu wakati wewe ni mgeni ni aibu. Lakini mezani palikuwa na birika la umeme. Akamimina, akabonyeza. Maji yakipungua, anaongeza. Yakipungua, anaongeza. Halafu povu jeupe likapanda, likafurika, na paaa! Feni ikasimama. Friji ikanyamaza. Muziki wa kule mbele ukakatika katikati ya neno.

Kwetu taa ikizimika hakuna anayeinua kichwa. Hapa milango yote ilifunguka. Yassine, kijana anayesimamia hoteli, alifuata harufu ya kuungua mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama. Umechemsha nini humu?"

"Marahaba, mwanangu. Bahari."

Yassine akachungulia ndani ya birika. Rachida naye akaja mbio kutoka ufukweni, miguu imejaa mchanga. "Mama! Watatufukuza!"

Ikabidi aseme. Akasimulia palepale mlangoni, macho chini, habari ya vita, supu na pindo la kitenge. Rachida alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

"Pole, mama," Yassine akasema, akijikuna kichwa. "Lakini birika..."

"Wewe Yassine, birika kitu gani?" Bi Kazija alikuwa amefika na mwiko mkononi. "Mwenzangu, ungesema! Jiko liko nyuma, makumbi ya nazi tele. Njoo!"

"Nitanunua lingine," Rachida akamwambia Yassine haraka haraka.

Moto ukawaka. Mama Ramla akachuja maji kwa kitambaa chake safi, akajaza sufuria kubwa ya pilau. Sufuria ilikunywa bidoni nzima ikataka nyingine, na bahari nayo ilikuwa inaanza kuondoka tena! Kila Rachida alipokwenda kuchota, maji yalikuwa mbali zaidi.

"Kimbia, mutoto! Inatoroka!"

Yassine alisimama akitazama, kisha akavua viatu, akachukua ndoo, akamfuata.

Jua lilipolegea, kwenye kitako cha sufuria kukaanza kuonekana utando wa chumvi. Rachida akataka ichemke mpaka ikauke, ipatikane nyingi.

"Hapana! Maji ya mwisho njo uchungu, itaharibu chumvi," mama akasema, akainamisha sufuria, akayamwaga taratibu.

Ilikuwa nyeupe. Nyeupe! Maisha yake yote Mama Ramla alikuwa amepika chumvi ya rangi ya majivu. Akaisogelea, akaigusa kwa ncha ya kidole, halafu akaanza kucheza palepale jikoni, na Bi Kazija akampigia vigelegele, mwiko hewani.

Waliporudi Kindu, Rachida akiwa amemsindikiza, walimkuta Philomène anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani.

"Philomène, fungua mukono."

"Nini tena? Unafika tu, hata jambo hausemi?"

"Onja."

Akaonja. "Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Chumvi, njo chumvi! Usinisumbue, niko na ka..." Akamtazama Ramla, akamtazama Rachida. "Ulifika?"

"Nilifika."

"Ku bahari yenyewe?"

"Niliichemsha."

Mchi ukaanguka. Philomène akakaa chini, akacheka, akalia, akapiga mapaja. "Wee muntu mubaya! Mi nilisema mchezo!"

"Mi nilisikia."

Akainuka, akajipangusa uso kwa kitenge, akamkamata Rachida mkono. "Kaa hapa, karibu na moto. Ile siku wewe ulikunywa kupitia ku maziwa. Leo utakunywa ku sahani."

Akapika supu, akaitia chumvi bila kupima, kwa mkono wa furaha. Ikazidi sana. Waliinywa yote, wakipeana maji.