Ulimi wa Kuazima

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hakuna kitambaa kinachomtisha. Kilichokuwa kinamtisha ni pilipili. Ikiwemo kidogo tu kwenye mchuzi, utamwona katoa macho, anajipepea mdomo kwa kipande cha bitana. Sisi watoto wa kaka yake tulimcheka mpaka mbavu zikauma, naye alitufukuza na futi yake ya mbao.

Chumba cha chini yake anakaa mjane mmoja wa Kihindi ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Dengu. Hupika vyakula vya kwao, akavipanga kwenye makopo ya bati na kuvipeleka maofisini mchana. Mwaka juzi mafua makali yalimshika, na yalipoondoka yakaondoka na pua yake. Bizari au majivu, kwake yote mamoja. Mwanawe, anayeishi mji mwingine, akamtaka afunge jiko ahamie kwake. Mama hakutaka hata kusikia, maana jiko lile ndilo maisha yake.

Akapanda ngazi hadi kwa shangazi. "Dada, niazime ulimi wako. Unionjee tu."

Shangazi hajui kumkatalia mtu. Asubuhi ya kwanza alichovya ncha ya kijiko, mdomo ukawaka, akasema haraka, "Safi kabisa, dada!" Uongo mtupu, hakuwa amesikia chochote ila moto. Mchana makopo yakarudi yamejaa. Chumvi ilikuwa imetiwa mara mbili.

Mama Dengu akakaa kitako sakafuni. "Basi. Nampigia mwanangu aje anichukue."

Mwana akasema atakuja mwisho wa mwezi. Shangazi aliona aibu hadi usingizi ukamruka. Kesho yake akashuka mwenyewe. "Dada, nimekudanganya. Lakini kabla hajaja, nifundishe kula."

Akajikaza kisabuni. Kila asubuhi alikula vijiko vichache vya dengu, na mtindi pembeni, kwani aliambiwa maji huchochea tu. Alishona huku kamasi zikimtoka. Suruali ya mwalimu mmoja ikatoka mguu mmoja mfupi, na shangazi akaapa kuwa mwalimu ndiye aliyerefuka. Wiki ya pili moto ukapungua, akaanza kusikia vilivyojificha nyuma yake: uchachu wa ukwaju, uchungu kidogo wa uwatu, na iliki ikija mwishoni kabisa.

"Kumbe humu ndani mna watu!" akaniambia, kafurahi kama mtoto. Tangu hapo akawa anashuka na sahani yake, bila kuitwa.

Mwana alikuja Jumapili na masanduku matupu. Mama akasema ale kwanza, nasi watoto tukakaribishwa. Shangazi akaonja sufuria, akakunja uso.

"Bado. Ongeza pilipili mbili."

"Mbili?"

"Mbili, dada. Na chumvi kidogo."

Mwana alikula, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati. "Mama, ni chakula kile kile cha utotoni mwangu. Kumbe umepona!"

"Sijapona," alisema Mama Dengu, akimshika shangazi bega. "Ila nina mwenzangu. Rudi na masanduku yako, mwanangu."

Shangazi aliinamia sahani yake akalia mbele yetu sote, wala hakusingizia pilipili.