Kombe la Tano la Chepngeno

Wanaosimulia habari za Chepngeno huanza na ile picha yake ya gazetini. Mimi naanza na nyasi, kwa sababu nilikuwepo na wao hawakuwepo. Baba yake, Kiptanui, ndugu yangu wa tumbo moja, alikuwa mkata nyasi wa kiwanja cha gofu kule juu, pale majani chai yanapokutana na msitu. Msichana alimfuata kazini, akaanza kubebea wachezaji mifuko ya fimbo, na kabla hajamaliza darasa la nane alikuwa anawaambia wanaume wazima mpira utapinda wapi. Walimcheka. Halafu wakamuuliza tena.

Mimi ni senge yake, dada ya baba. Shule niliachia darasa la tatu, lakini kuhesabu najua, na makombe yake niliyahesabu mwenyewe. Nakuru alishinda. Kisumu alishinda mara mbili. Uganda alienda na koti la nchi mgongoni. Kwa gofu anayepiga mara chache ndiye mshindi, si kama mambo yetu mengine ambapo mwenye kelele nyingi ndiye hupewa.

Lakini kombe alilolitaka ni la hapa nyumbani, Kombe la Akina Mama la klabu, linalochezwa kila Agosti. Kombe lile lina sheria yake: ukilichukua mara tano, hulirudishi tena. Ni lako na la wajukuu wako. Chepngeno alikuwa amelichukua mara nne. Mimi nilishatoa vikombe vya chai kwenye kabati la vioo, nikaacha nafasi.

Sasa mwaka huo, mwezi wa tano, ikaja barua kutoka kwa wakubwa wa gofu. Amekubaliwa kuwa mchezaji wa kulipwa. Tukaitwa ofisini kwa Obonyo, karani wa klabu, mtu wa kutoka ziwani aliyezeeka hapa hapa kwetu.

"Mama, nawaomba mngoje Agosti ipite," Obonyo akasema. "Akiweka sahihi hapa, Kombe la Akina Mama limemwisha. Lile ni la wachezaji wa ridhaa peke yao, wasiolipwa."

"Atakatazwa na nani? Bingwa wa mara nne?"

"Na sheria, mama."

"Obonyo, mimi nimekuwa nyapara wa majani chai miaka kumi na tisa. Siku nikitaka kuchuna, nilikuwa nachukua kikapu, nachuna. Nani alinikataza? Mtu akipanda ngazi, ya chini bado ni yake."

"Gofu si majani chai, mama."

"Wewe sema tu hutaki mtoto wa mkata nyasi akae meza moja na wakubwa wako."

Obonyo akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akairudisha. "Haya. Kalamu hii hapa."

Chepngeno aliniangalia. "Senge, ni miezi mitatu tu. Tungengoja."

"Anayekuita mezani humwambii angoje," nikamwambia. "Weka sahihi."

Akaweka.

Siku hiyo tulimvika sinendet shingoni, ule mmea tunaowavika washindi, na mursik, maziwa yetu ya kugandisha, alikunywa kutoka kwa kibuyu changu mwenyewe. Pasta aliomba mpaka miguu ikatuuma. Kumbe tulikuwa tunashangilia mlango unaofungwa.

Agosti ilipofika, walimsimamisha pale shimo la kwanza awe anaita majina ya wanaocheza. Kombe likaenda na mama mmoja wa Nakuru, mapigo themanini na nne. Themanini na nne! Chepngeno alikuwa anapiga sabini na sita akiwa na homa.

Na huko kwa wa kulipwa? Nchi nzima, wanawake walitosha benchi moja la kanisa. Ilibidi acheze na wanaume. Kwao huko, siku mbili zikiisha, nusu ya wachezaji wanaambiwa waende nyumbani. Mara tisa aliambiwa aende nyumbani, mara moja kwa sababu ya pigo moja tu. Mara ya kumi alibaki mpaka siku ya nne, akamaliza wa thelathini na moja, mwanamke peke yake katikati ya suruali. Hakuna mtu wa mlima huu amewahi kufanya kitu kama hicho. Aliporudi watu walimuuliza, "Ulishinda?" Hata mimi niliuliza hivyo hivyo. Alijibu, "Hapana, senge," akaingia jikoni kuwasha moto.

Baadaye akawa mwalimu pale klabu. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Caren, mtoto wa mpimaji majani wa Sigowet, msichana mwembamba asiyeongea. Chepngeno alimfundisha yote. Mimi nilimwambia, usimpe yote. Akacheka.

Mwisho akaandika barua kuomba arudishwe kwa wachezaji wa ridhaa. Walimweka nje muda mrefu, haruhusiwi huku wala kule. Mwaka jana ndipo walipomkubalia, ana miaka thelathini na tisa na goti moja bovu.

Agosti hiyo nilipanda kule juu na kibuyu kimejaa. Mpaka shimo la kumi na nane, la mwisho, walikuwa sawasawa, yeye na Caren. Caren akaingiza mpira wake. Chepngeno akachuchumaa, akaziangalia nyasi vile alivyoziangalia tangu utotoni, akasukuma mpira polepole. Ukaenda vizuri. Ukasimama mdomoni mwa shimo. Ulibakiza upana wa ukucha, basi.

Watu wa Caren hawakuwa wamebeba kitu, hawakutegemea. Chepngeno akaja moja kwa moja kwangu, akachukua kibuyu kutoka mapajani mwangu, akamnywesha yule msichana.

"Mwalimu, wewe una manne," Caren akasema, analia. "Mimi ni moja tu."

"Kunywa," Chepngeno akamwambia. "Senge, tuimbie."

Sikuimba. Waliimba wao.

Obonyo alikuwa amesimama pale mlangoni kwa fimbo yake ya uzee. Tangu siku ya kalamu, miaka kumi na moja, sijawahi kumwamkia. Nilipita mbele yake na kibuyu kitupu, nikipunguza mwendo, nikimngoja aseme. Kama angesema "nilikwambia," ningekuwa na la kumjibu. Jibu nilikuwa nalo siku nyingi.

Alivua kofia, akaniamkia kwa lugha yangu, "Chamgei, mama."

Nikaenda zangu bila kuitikia. Vikombe vya chai bado sijavirudisha kabatini.