Vitunguu Saumu Visivyofunga Vichwa

Siku ya kwanza kazini niliunguza. Nilikuwa nimeajiriwa kupika na kutunza bustani katika nyumba ya meneja wa shamba la chai, juu ya vilima vya Masisi. Sote tulimwita Bwana Gérant. Alinipa kichwa kimoja cha kitunguu saumu, nikakikatakata na kukimimina katika mafuta yaliyokwisha kutoa moshi. Akaja jikoni akifuata harufu.

"Iko nyeusi," alisema. "Hapana tia mu maharagi. Tupa, anza tena."

"Ndiyo, Bwana."

"Na hapana tetemeka. Kisu itakukata."

Nilitupa, nikaanza tena. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye mvi. Mimi bado kijana, ila kazi yangu imekufa kabla yangu, na wadogo zangu wananiuliza ilikuwaje. Naandika nikiogopa kukosea, kama nilivyofanya kila kitu.

Hakuna aliyenifundisha zaidi ya hapo. Niligundua mwenyewe kwamba punje, yaani vipande vinavyojitenga ndani ya kichwa, hutiwa katika mafuta ya vuguvugu na kutolewa mara zinapogeuka rangi ya asali. Maharagi yakiiva, unaponda punje nyingine mbichi kwa chumvi, unakoroga, unafunika chungu. Bwana Gérant alikula mezani. Mimi nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza kijiko chake, nikijaribu kujua kama kinakwenda kwa hamu au kwa adabu tu.

Bustani ilinitisha zaidi. Mbegu ya kitunguu saumu ni punje zenyewe. Ukizila zote, au zikikuozea msimu mmoja tu, ukoo wote umekwisha. Kwa hiyo nilitenga punje kubwa kuliko zote, nikazipanda ncha ikitazama juu, nikifuata kamba. Moja ikiegama, nilifukua na kupanda upya. Wakulima waliopita na majembe yao walinicheka.

"Kaka, unapanda ao unashona?"

Vurugu ziliposhika vilima, Bwana Gérant aliondoka na nyumba ikafungwa. Bustani ilichimbwa na watu wenye njaa, nami sikuweza kuwalaumu. Nilibaki na shada moja la mbegu lililokuwa likining'inia jikoni. Ndipo Directeur, mkuu wa shule moja ya bweni kule Walikale, ambaye aliwahi kula mezani kwa Bwana Gérant, akaniita.

"Njoo na ile vitunguu yako," alisema. "Watoto wanakula sombe ya majani ya muhogo na chumvi tu."

Kamio, lori la mizigo, ilitushusha kupitia Kashebere. Nilikaa juu ya magunia nimekumbatia shada langu. Kadiri tulivyoshuka, joto lilipanda, nikavua koti, kisha sweta. Tulipofika, msitu ulikuwa umefunga pande zote na hata nguo zilizoanikwa mchana hazikukauka. Punje zikaanza kulainika. Ilinibidi nizipande zote mara moja.

Zilichipuka vizuri kuliko Masisi. Majani yalifika magotini, na Directeur akawa analeta wageni kuyatazama. "Huyu njo muntu wa bustani!" aliwaambia. Kila asubuhi niliingiza kidole udongoni nikitafuta uvimbe wa kichwa, nikakuta shina jembamba tu. Niliinua matuta, nikafyeka kivuli, nikapunguza mbolea. Nadhani kilichokosekana ni baridi, ile ya asubuhi za Masisi inayotoa mvuke mdomoni. Sikuwa na kitabu cha kunihakikishia. Na baridi haipakiwi katika kamio.

Mama Sifa, mpishi mwenzangu aliyezaliwa hukohuko, alinitazama nikipapasa udongo.

"Kaka, hii majani unaiheshimu kama mukwe?"

"Nangoja vichwa, Mama."

"Na vichwa ikikataa?"

"Basi mbegu imekwisha. Masisi hakuna tena, ni hii tu."

Aling'oa mche mmoja, akanionyesha kitako chake. Kilikuwa cha kahawia na kinanuka. "Mvua iko inaikula. Tuikule sisi, ao tuachie udongo?"

Nilikimbia kwa Directeur kumwomba anirudishe vilimani na miche iliyobaki hai.

"Barabara imefungwa," alijibu. "Hata kamio ya unga haipite."

Tulikata majani yote. Nilikata membamba yanayolingana, maana hata siku ile sikuweza kukata ovyo. Sombe ilipoiva katika mawese, niliyatia mwishoni na kufunika chungu. Wanafunzi walikula hadi wakalamba sahani. Mama Sifa alipiga makofi. "Nilikuambia!" Directeur alikuja jikoni, sahani mkononi.

"Kaka, hii njo chakula. Kesho utupikie tena ile ile."

Niligeuka kutazama matuta matupu nje. Mama Sifa aliinama akaendelea kusugua chungu.

Shule nayo ilifungwa baadaye, nikastaafu bila mvi. Sasa wadogo zangu huniomba niwaeleze ladha ya kitunguu saumu cha Masisi. Naanza: kwanza ukali, kisha utamu unaochelewa. Halafu nasita, kwa sababu nahisi ninayoieleza ni ladha ya ile sombe ya Walikale, na ya kitunguu cha Masisi siikumbuki tena. Wao wanameza mate, wananiamini. Hakuna aliyebaki wa kuniambia nimekosea.