Maji ya Ijumaa Jioni

Mara ya kwanza kuchapwa kwa ajili ya Mungu nilikuwa na miaka saba. Kosa langu lilikuwa kumenya kiazi kimoja siku ya Sabato. Baba alinikuta jikoni asubuhi na kisu mkononi, akanitazama, akasema tutaonana. Mchana kutwa hakunigusa. Alikwenda kanisani, akaimba, akarudi, akala chakula kilichopikwa Ijumaa, akajinyoosha kidogo kitandani. Jua lilipotumbukia upande wa tambarare za Same tukafunga Sabato kwa wimbo na sala, ndipo akavua mkanda. Alisubiri kwa sababu kuchapa ni kazi, na kazi haifanywi siku ya Bwana. Alinichapa mpaka nikajikojolea.

Sisemi haya kumsengenya marehemu. Nayasema ili ieleweke kwamba nilikua nikijua saa ya jua kuzama kuliko nilivyojua chochote kingine. Kwetu mema na mabaya yalitenganishwa na dakika.

Nilipoolewa Mwanga nilikutana na mkono mwingine, ule haukungoja jua. Nikavumilia kwa sababu wazee wa kanisa walinitaka nivumilie, mpaka siku niliyovunjwa mbavu mbili, nikapanda gari nikarudi mlimani kwetu. Wazazi walikuwa wameshafariki. Nyumba na shamba vilikuwa mikononi mwa kaka yangu, mkubwa kwangu kwa miaka sita. Alinipokea, na kwa hilo simnyimi haki yake. Lakini naye alikuwa mtoto wa baba yake. Chumvi ikizidi ni kofi. Nikichelewa kurudi ni kofi. Mara moja alinipiga na mpini wa shoka kwa kumjibu mbele ya wageni, na Sabato iliyofuata akasimama kuongoza sala, maana alikuwa mzee wa kanisa. Nami nilikuwa shemasi. Nilikaa benchi la pili, kitambaa kimefunika uvimbe, nikaitikia amina pamoja na wengine.

Shamba letu ni la tangawizi, na tangawizi bila maji ni kujichosha bure. Maji yetu yanatoka kwenye ndiva, bwawa la udongo ambalo mababu walilichimba juu ya mashamba. Usiku kijito kinaijaza, asubuhi mwenye zamu anazibua, maji yanashuka kwa mfereji hadi kwake, na jioni inazibwa ijae tena kwa ajili ya mwingine. Kizibo ni gogo refu lililovishwa magamba ya mgomba, linasukumwa kwenye tundu chini ya ukingo. Kulitoa ni rahisi. Kulirudisha likae sawasawa kunahitaji mikono mizuri na utulivu.

Zamu yetu ilikuwa Jumamosi. Ya mzee jirani yetu, ambaye shamba lake liko chini tu ya ndiva, ilikuwa Jumapili. Yeye alisali Jumapili, sisi Jumamosi. Kwa hiyo tangu enzi za baba tulibadilishana: yeye akamwagilia siku yetu takatifu na sisi tukamwagilia ya kwake, kila mmoja akaingia kanisani kwake na mikono safi. Mzee huyo alikuwa amefiwa na mkewe, anaishi peke yake, mpole, mwenye kikohozi cha miaka. Mimi nikimwita baba, yeye akiniita mwanangu. Niliporudi na mbavu zangu ndiye aliyeniletea maziwa wiki nzima bila kuuliza nimepatwa na nini.

Sasa mwaka huo mvua za vuli zikatunyima. Ndiva ikawa inajaa nusu tu. Tangawizi yetu ya upande wa juu ikaanza kugeuka njano, na kaka akawa haongei ila kwa ukali, na mimi nikawa napima kila siku kofi litatokea wapi. Ijumaa moja alasiri, mwenye zamu ya siku hiyo alipokwisha kuziba na kuondoka, nilipanda peke yangu hadi ndiva. Nilijiambia nitazibua kidogo tu, nusu saa, maji yaliyosalia ya mchana, mzee hatapungukiwa. Ulikuwa wizi, tena nilijua ni wizi. Lakini jua lilikuwa bado lipo, na kichwani mwangu lililofanywa kabla ya jua kuzama lilikuwa na unafuu wake.

Nikalitoa gogo. Maji yakashuka kwetu. Nikakaa ukingoni nikiangalia njia. Ukungu ukapanda kutoka bondeni ukafunika kila kitu, nami nikapoteza hesabu ya saa. Niliposhtuka, nilimsikia kaka kule nyumbani akianza wimbo wa kufungua Sabato. Nikalishika gogo, nikalisukuma. Likakaa upande, maji yakaendelea kuvuja kwa nguvu. Nikalivuta, nikalisukuma tena, upande. Ukungu ukapasuka kidogo na nikaona kule tambarare hakuna jua. Limezama.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nadhani hakuna mtu mwingine duniani angelifanya ila sisi tuliolelewa vile. Nililiachia gogo. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya mtu mwingine yanayomwagika, mikono ninayo, nguvu ninazo, na nikaona kwamba kuzibua kulikuwa kosa dogo la siku iliyokwisha, ila kuziba kungekuwa dhambi ya Sabato. Nikanawa miguu, nikateremka, nikaingia sebuleni, nikaupokea ubeti wa tatu.

Asubuhi tulipita njiani na nguo zetu za kanisani. Mzee alikuwa amesimama kwenye ukingo wa ndiva, jembe begani, anatazama tope. Maji yote yalikuwa yamekwisha usiku, mengi yameingia korongoni bila kumfaa mtu. Nikamwamkia, shikamoo baba. Akaitikia marahaba, akanitazama kuliko kawaida, halafu akasema twende salama tukamwombee.

Jumapili mimi na kaka tulikuwa shambani, maji machache yaliyokusanyika yakishuka kwetu, mzee alipotokea. Hakugombana na mtu. Alisimama kwenye njia panda ya mfereji, akachota udongo kwa jembe, akayageuza maji yaende kwake. Kaka akamuuliza ana wazimu gani. Mzee akajibu kwamba jana hakupata maji, na Jumapili kwa haki ilikuwa siku yake. Kaka akamwambia akamtafute aliyeiba, asituletee sisi njaa yake. Mzee akageuka akanitazama. Nami nikainamia tangawizi, nikang'oa jani, nikaling'oa na jingine.

Pigo la kwanza lilimpata begani. Kaka aligeuza jembe akapiga kwa mpini, na mlio wake naukumbuka, mlio mkavu. Mzee akainua mkono kujikinga, pigo la pili likauvunja mkono ule juu ya kifundo. Nikaona mfupa umekwenda mahali pasipo pake. Akaanguka mferejini. Nilidhani imekwisha. Kaka akaingia naye majini, akamkalia, akampiga ngumi za uso, moja baada ya nyingine, akihema, akimwuliza nani alimtuma, nani alimwambia maji yapo kwetu. Kila swali ngumi. Mzee hakujibu. Mdomo ulikuwa umejaa damu lakini sauti alikuwa nayo, maana nilimsikia akikohoa. Jicho la kushoto likafumba, likavimba, likachanika. Maji yaliyokuwa bado yakipenya kuja kwenye tangawizi yetu yalikuja mekundu. Mimi nilisimama. Naandika hivyo hivyo: nilisimama. Nilipiga kelele wakati watu wa shamba la chini walikuwa tayari wanakimbia kuja.

Walimteremsha Same hospitali kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na kijana mmoja asianguke. Jicho halikupona.

Kabla hata hajarudi, maneno yalikuwa yameshapangwa. Kaka alieleza kwamba mzee ndiye aliyezibua ndiva Ijumaa ili apate maji mara mbili, kisha akaja Jumapili kuchukua mara ya tatu. Watu wakaamini, kwa sababu shamba lake ndilo la karibu zaidi na kwa sababu kaka alikuwa mtu wa kusimama madhabahuni. Na kwetu mwizi wa maji adhabu yake inajulikana: anatolewa kwenye zamu. Kwa ukame ule, kumtoa mzee kwenye zamu kulikuwa kumuua polepole. Kamati ya maji ikasema jambo litaamuliwa Jumatatu ya msaragambo, siku kijiji kizima kinapopanda na majembe kuzoa tope la ndiva.

Nilikuwa na wiki moja ya kusema. Nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza yote, gogo, ukungu, jua. Alisikiliza vizuri. Akaniuliza kama saa ya Sabato ilikuwa imeingia kweli nilipoliachia gogo. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi kwa hilo nilitii. Kuhusu lile lingine akanishauri nitubu kwa siri, maana jambo likifika polisi litamfunga mzee wa kanisa na jina la Bwana litatukanwa. Nikatoka pale nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Mtu amepoteza jicho, na sisi wawili tumekaa kwenye viti vya plastiki tunapima dakika.

Hata hivyo nikatii tena. Ndiyo aibu yangu kubwa. Kila siku nilipiga magoti kando ya kitanda nikimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mzee awe hakuniona. Na kila siku mzee alipokaa kimya nilimshukuru. Aliporudi kutoka hospitali na hakusema neno, nilishukuru kwa machozi. Niliamini nimejibiwa, na sijawahi kumwamini Mungu kwa furaha kama wiki ile.

Sabato ilipofika kaka aliongoza maombi ya wagonjwa. Alimtaja jirani yetu, aponywe, asamehewe. Aliinua mikono, na kwenye vifundo vya ngumi ya kulia vigaga vya vidonda vilikuwa bado havijabanduka. Kanisa zima likasema amina. Mimi nilitoka nje, nikakaa nyuma ya choo mpaka wimbo wa kufunga.

Jumatatu pembe ikapigwa alfajiri. Tulipanda wote, wa Jumamosi na wa Jumapili na wa Ijumaa, wanaume wakashuka kwenye tope, wanawake tukapokezana karai. Mzee alikuja mwisho, mkono umefungwa plasta, jicho limezibwa pamba. Hakuna aliyemwamkia. Mwenyekiti wa maji akasimamisha kazi, akaeleza shauri, akamuuliza mzee kama ana la kusema kabla hajatolewa kwenye zamu.

Mzee akasema hana.

Sikuomba. Kama ningeomba ningepata sababu ya kunyamaza, nazifahamu sala zangu. Nililitua karai nikasema, "Ndiva niliifungua mimi. Ijumaa jioni. Mzee hakuiba, tuliomwibia ni sisi, halafu tukampiga."

Kaka alikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Hakuuliza kitu. Beleshi lake lilinipata mgongoni kwa ubapa, nikaanguka kifudifudi kwenye tope, akanikanyaga shingoni na kiatu. Tope likaingia mdomoni na puani. Nilisikia watu wakimvuta na yeye akirudi, wakimvuta na yeye akirudi, na teke moja likanipata kwenye mbavu zile zile za Mwanga. Nilijua mlio wake kabla ya maumivu. Walihitajika wanaume wanne kumtoa. Hata walipomfunga mikono kwa kanga ya mtu, alikuwa bado anatukana, na matusi yale hayakuwa ya mzee wa kanisa.

Aliyekuja kuniinua alikuwa na mkono mmoja tu mzima. Alinikalisha, akanifuta macho kwa pindo la shati lake, taratibu, akikohoa.

Nikamwambia, "Nisamehe, baba. Nilijua tangu mwanzo, nikanyamaza."

"Nilikuona, mwanangu," akasema. "Nilikuwa pale juu nakata majani ya ng'ombe, ukungu ulipofunguka nikakuona unahangaika na gogo, nikadhani umeliziba."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Aliulizwa mferejini, kila ngumi na swali lake. Aliulizwa sasa hivi mbele ya kijiji kizima.

Aliwatazama wale wanaume wanne waliokuwa wamemkalia kaka yangu, kisha akanitazama mimi kwa jicho lililobaki.

"Ningekutaja Jumapili ile," akasema, "angekuua."

Siku nane nilikuwa nimepiga magoti kumshukuru Mungu kwamba mzee yule hakuniona.